VASP na nduguze ndani ya seli

Swali: Mwalimu, VASP, Mena na EVL ni protini za ukoo mmoja. Je, ndani ya seli kila moja hufanya kazi kivyake?

Jibu: La hasha, mwanangu. Kila moja ina kipande kilichojisokota mkiani. Mikia minne hushikana ikawa kundi moja. Na kwa kuwa mikia yenyewe inafanana, VASP na Mena huweza kukutwa kundi moja. Kinachonifurahisha mimi ni faida ya unne huo: mshiko mmoja ukiachia ncha ya uzi wa aktini (protini inayojenga kiunzi cha seli), mwingine bado umeing'ang'ania, hivyo uzi unazidi kurefuka ukingoni mwa seli inayotambaa. Protini zinazoziba ncha na kuzuia uzi usirefuke nazo hucheleweshwa. VASP moja moja, bila wenzake, huzembea mno.