Jozi ya Picasso, vifaranga wa aina tatu

SWALI: Nina jozi ya samaki klauni aina ya percula, wote Picasso, yaani wenye mistari myeupe iliyopanuka na kuchanganyika bila mpangilio. Uzao wa kwanza umetoka mchanganyiko: Picasso, wa kawaida wenye mistari mitatu, na wachache weupe karibu mwili mzima. Je, niliuziwa samaki wa uongo? Nataka Picasso watupu.

JIBU: Samaki wako ni wa kweli. Picasso hubeba nakala moja ya jeni ya mchoro huo, na nakala nyingine ni ya kawaida. Picasso kwa Picasso huzaa takriban robo wa kawaida, nusu Picasso, na robo wenye nakala mbili, yaani hao weupe waitwao Platinum. Jozi hiyo haitakupa Picasso watupu hata izae miaka kumi.

Watunze hao weupe. Platinum akioanishwa na percula wa kawaida asiye ndugu yake, vifaranga wote huwa Picasso, na unaepuka kuzalisha ndugu kwa ndugu. Kuunda jozi, weka pamoja wawili wachanga, mmoja akimzidi mwenzake kidogo kwa umbo. Mkubwa atageuka jike, naye hawezi kurudi kuwa dume; ndiyo maana majike wawili waliokomaa huuana tangini. Kisha subiri: mayai ya kwanza yanaweza kuchukua mwaka mmoja na nusu au zaidi.

Wengi huharibu kazi kwa kuchagua wazazi mapema mno. Michoro huendelea kubadilika kwa miezi kadhaa, kwa hiyo kabla ya hapo tazama maumbile tu: kifuniko cha matamvua (viungo vya kupumulia) kikiwa kifupi hadi matamvua yanaonekana, au taya likipinda, samaki huyo asizalishwe, hata akiwa na mchoro wa kuvutia namna gani.

SWALI: Vifaranga wangu wa ocellaris, klauni wa aina nyingine, wamekosa mstari wa katikati. Je, nimepata aina mpya?

JIBU: Pengine hapana. Mistari huanzia kichwani kuelekea mkiani wakati kifaranga anapogeuka umbo, na homoni za tezi ya shingo ndizo huamua kasi yake. Utafiti wa 2021 katika Ghuba ya Kimbe, Papua New Guinea, ulionyesha kwamba hata aina ya anemoni (mnyama wa baharini mwenye minyiri) wanamoishi percula wachanga huharakisha au kuchelewesha mistari. Lishe hafifu nayo hushukiwa sana. Wazalishe tena wazazi walewale, rotifa (wadudu wadogo sana wa majini, chakula cha vifaranga) wasipungue 10 kwa mililita tangu siku ya kwanza, maji yasiwe na amonia. Mistari ikirudi, hapakuwa na jeni mpya.