Land Rover 109 ya jeshi imelala upande: niongeze pleti au nibadilishe springi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nimenunua mnadani pikapu ya zamani ya jeshi, Land Rover 109 Series III ya petroli, usukani kulia. Nyuma limelala upande wa dereva, na nikipakia magunia machache ya mahindi ekseli inagonga chasisi kwenye matuta. Fundi wa hapa mtaani anataka kuongeza pleti moja ya springi ya lori upande uliolala. Nia yangu ni kulirudisha gari katika hali yake ya asili. Nimruhusu? Na nianze na springi au rangi?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu, na hongera kwa gari. Hapana, usimruhusu. Na usianze na springi wala rangi, anza na chasisi.

Bodi ya Series III ni ya aluminiamu, kwa hiyo gari linaweza kupendeza juu huku chini limeoza. Chasisi ni chuma cha boksi, na kutu yake huanzia ndani, ambako brashi haifiki. Ingia uvunguni na nyundo ndogo, ugonge taratibu kuanzia pale springi za nyuma zinapofungwa hadi kwenye boriti ya mwisho. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu, na mara nyingine nyundo huzama. Mahali springi inaponing'inia pakiwa pameoza, hata ununue springi mpya gari halitanyooka mpaka pakatwe na kuchomelewa chuma kipya.

Chasisi ikiwa nzima, egesha gari tupu mahali tambarare, matairi yakiwa na upepo sawa, upime kutoka juu ya ekseli hadi chini ya chasisi pande zote mbili. Kisha badilishana springi za nyuma, ya kulia iende kushoto. Ulalo ukihama, springi ndizo zimechoka. Ukibaki ulipo, rudi kwenye chasisi na bushi, yaani zile raba zenye bomba la chuma ambamo bolti za springi hupita.

Sasa hiyo pleti ya lori. Ina unene wake na mpindo wake, haitalaliana na pleti nyingine. Itagusa sehemu mbili tatu tu, mzigo wote utaangukia hapo, na mwishowe itakatika pleti kuu, ile yenye macho (matundu ya bolti kwenye ncha zake), ambayo ndiyo inayoishikilia ekseli isihame. Kadhalika usikubali springi zipelekwe kwa mhunzi zikapigwe moto ili zipinde upya. Chuma cha springi kikipashwa bila kurudishiwa ugumu wake kwa joto linalopimwa, kitalala tena muda si mrefu.

Nunua springi mpya mbili za nyuma, pamoja na U-bolti (zile zinazoifunga springi kwenye ekseli), bushi na bolti zake. Dukani sema wazi upande: springi za magari haya huuzwa ya dereva na ya abiria, na ya dereva imepinda zaidi kidogo. Wengi huzichanganya, kisha wanashangaa gari lenye springi mpya limelala. Pima pia vyuma viwili vinavyoning'iniza ncha ya nyuma ya springi, maana kwenye 109 nyingi za jeshi ni virefu kuliko vya raia.

Kazi yenyewe haina siri, ila bushi. Bolti hushikana kwa kutu na bomba la ndani la bushi, na hapo watu hukimbilia gesi, raba inawaka na chasisi inaungua. Kata bolti kwa msumeno kati ya jicho la springi na kile chuma kinachoining'iniza. Kwa bushi iliyobaki ndani ya chasisi, toa raba, pitisha ubapa wa msumeno tundulini na ukate bomba la nje kwa urefu, taratibu, mpaka karibu na chasisi bila kuigusa. Kisha likunje kwa ndani kwa patasi, litatoka.

Unapofunga, hakikisha kichwa cha senta bolti, ile inayozishika pleti pamoja katikati, kimeingia kwenye tundu la kiti cha ekseli. U-bolti za zamani zitupe, zimeshavutika. Na hili nakusihi: bolti za bushi zifunge kwa mkono tu gari likiwa juu ya stendi. Lishushe chini, lisukume mbele na nyuma kidogo, ndipo ukaze kabisa. Raba ya bushi hizi imegandishwa kwenye chuma. Ukiikaza springi ikiwa inaning'inia, raba itabaki imejipinda siku zote na itachanika mapema, na gari litakaa juu kuliko inavyotakiwa. Baada ya safari chache kaza tena U-bolti.

Kabla ya kununua betri, angalia umeme. Land Rover za jeshi zilizotengenezwa kubeba redio zilitumia volti 24, nyingine 12. Rangi iwe ya mwisho. Aluminiamu tupu inahitaji praima yake maalumu, vinginevyo rangi itabanduka kama ganda la kitunguu. Rangi ya kijani ya jeshi mimi nisingeipaka kwenye gari la raia, hata kama ndiyo ya asili.

Ukishapima ekseli hadi chasisi, niandikie vipimo vya pande zote mbili, pamoja na urefu wa vile vyuma vya nyuma, kabla hujatoa pesa dukani.