Mavuno mazuri, mtoto amedumaa: pa kuanzia kuangalia

Swali lililoletwa hapa ni hili: mradi wa kilimo umeongeza mavuno, magunia yapo, lakini watoto wa chini ya miaka mitatu bado wamedumaa na wanachelewa kuongea. Kosa liko wapi? Kwa uzoefu wangu wa ugani na wa lishe, mara nyingi kosa ni kwamba magunia yalihesabiwa, saa za mama hazikuhesabiwa.

Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anahitaji milo 2 hadi 3 kwa siku juu ya maziwa ya mama. Kuanzia miezi 9 hadi 23 ni milo 3 hadi 4, na kitu kidogo katikati. Kila mlo una kupika, kusubiri upoe, na kulisha kwa subira mtoto anayegeuza kichwa. Sasa ongezea familia hiyo nusu ekari ya zao la biashara. Palizi inaangukia kwa mama, mtoto anabaki na dada yake wa miaka sita, na uji wa asubuhi ndio unaoliwa mchana, ukiwa umekaa kwenye joto na vijidudu vimeshazaliana. Mavuno yamepanda, mtoto amepoteza milo miwili na maongezi ya siku nzima. Kwa hiyo kabla ya kupanua shamba, kaeni na mama muandike siku yake ya msimu wa palizi, saa kwa saa. Kama hakuna nafasi, anzeni na kinachompunguzia kazi: maji karibu, mashine ya kupukuchua, palizi ya kukokotwa na mnyama, au kivuli karibu na mashamba chenye mlezi mmoja wa zamu, maji safi na chakula kipya.

Maongezi na michezo si nyongeza ya anasa. Jamaica, katika miaka ya 1980, watoto 129 waliodumaa waligawanywa: wengine walipewa maziwa ya unga, wengine walitembelewa na mhudumu wa jamii saa moja kila wiki kwa miaka 2 kumwonyesha mama namna ya kucheza na mtoto wake, wengine vyote viwili, wengine hawakupata kitu. Faida ya chakula peke yake kwenye akili haikudumu. Waliotembelewa, miaka 20 baadaye, walikuwa na kipato cha juu kwa asilimia 25 kuliko wenzao. Afisa ugani anayekutana na kikundi cha akina mama anaweza kabisa kutenga nusu saa kwa hilo.

Uji wenyewe. Tumbo la mtoto linabeba takriban gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake, yaani mtoto wa kilo 8 anaishia kama mililita 240. Uji mwepesi unajaza tumbo hilo kwa maji. Ukiinamisha kijiko, uji unapaswa kushuka polepole, usikimbie. Ukiwa mzito mno hauliki, hapo kimea, yaani nafaka iliyooteshwa na kukaushwa, kinasaidia: pika uji mzito, epua, ukipoa kidogo koroga kijiko kidogo cha unga wa kimea, utalainika bila kuongeza maji, kisha uchemshe tena. Nafaka ya kimea iwe safi kabisa, maana unyevu wa kuotesha unapendwa pia na ukungu.

Na ukungu ndio unaonipa wasiwasi kuliko yote. Benin na Togo, utafiti uliochapishwa 2002 ulipima damu ya watoto 480 wa miezi 9 hadi miaka 5. Asilimia 99 walikuwa na alama za sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu huo, na wenye kiwango kikubwa walikuwa wafupi na wepesi zaidi. Kuchemsha hakuiondoi. Inaingia mahindi yakianikwa chini kwenye udongo au yakihifadhiwa kabla hayajakauka, na kwenye karanga inaingia pale maganda yanapolowanishwa ili yabanduke kirahisi. Usilowanishe kamwe.

Kupima ukavu bila mashine: chukua chupa ya kioo kavu yenye mfuniko, jaza mahindi theluthi moja, tia chumvi kavu kijiko kimoja au viwili, tikisa dakika moja, acha dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha kwenye turubai. Isiponata bado usishangilie: kwa mifuko isiyopitisha hewa tunataka 13.5 au chini, kwa hiyo anika siku nyingine ya jua kali ndipo ufunge.

Kuchambua kunasaidia sana kwa sababu sumu hukusanyika kwenye punje chache: zilizovunjika, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi. Lakini tazama zinakokwenda. Nzuri zinauzwa, na chenga zinasagwa kuwa unga wa uji wa mtoto, au karanga mbovu zinapondwa ndani yake. Ukizipeleka kwa ng'ombe wa maziwa, sehemu ya sumu inarudi kwenye maziwa. Chenga za ukungu zichimbiwe, na unga wa mtoto utokane na punje bora za ghala.

Mifugo midogo ina pande mbili. Ethiopia, takwimu zilizochapishwa 2016 zilionyesha kaya zenye kuku zina watoto warefu zaidi, ila kuku wakilala ndani ya nyumba faida hiyo inapungua. Mtoto anayetambaa anaweka udongo na kinyesi cha kuku mdomoni. Banda litengwe, na mtoto awe na mkeka na kizuizi. Kuhusu mayai, Ecuador (2017) yai moja kwa siku kwa miezi 6 lilipunguza udumavu kwa karibu nusu; Malawi (2019) halikubadilisha urefu, katika eneo ambalo watoto wengi tayari walikula samaki. Tazama kwanza kinachokosekana kwenye sahani.

Viuatilifu kwa ufupi: visichanganywe kwenye vyombo vya jikoni, makopo yake yasitumike kuteka maji, nguo za kupulizia zifuliwe peke yake, na mjamzito asipulize. Watoto wa wafanyakazi wa mashambani bonde la Salinas, California, ambao mama zao walikuwa na mabaki mengi ya viuatilifu vya jamii ya organofosfeti (vya kuua wadudu) mwilini wakati wa ujauzito, walipata alama za chini za akili walipofika miaka 7.

Kwenye upimaji, achaneni na tani kwa ekari kama kipimo pekee. Ulizeni mtoto wa miezi 6 hadi 23 amekula nini jana, katika makundi 8: maziwa ya mama, nafaka pamoja na mizizi na ndizi, mikunde na karanga, maziwa, nyama na samaki, mayai, mboga na matunda yenye vitamini A, mboga na matunda mengine. Yakiwa chini ya 5, bado kuna kazi. Na ulizeni mara mbili, baada ya mavuno na tena kwenye miezi ya njaa, kwa sababu jibu la kwanza peke yake litawaonyesha familia isiyokuwepo miezi mitano baadaye.