Mishipa ya ubongo na kiharusi: maswali yenu wiki hii

*Nilipigwa MRI kwa sababu ya kipandauso. Ripoti inasema duara la Willis halijakamilika. Je, nitapata kiharusi?*

Ripoti hiyo peke yake haisemi hivyo. Damu hupanda kichwani kwa mishipa minne, miwili mikubwa mbele ya shingo na miwili midogo nyuma. Chini ya ubongo, vijishipa vyembamba huiunganisha ikafanya duara. Thomas Willis, daktari Mwingereza, alilieleza mwaka 1664, na baadhi ya michoro ya kitabu chake ilichorwa na Christopher Wren, yule msanifu wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo la London. Vitabuni duara limefungwa vizuri. Vichwani mwetu mambo ni mengine: watu wengi sana wana kiunganishi chembamba mno, au hawanacho kabisa, na wanazeeka bila kujua.

Lichukulie kama njia ya mchepuko. Barabara kuu ikiwa wazi, nani anaukumbuka mchepuko? Siku barabara ikiziba ndipo asiye nao huumia zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya ubongo hukosa damu. Kwa hiyo muulize daktari wako hali ya barabara zako kuu. Presha, sukari, lehemu na sigara ndivyo vinavyoziharibu, na hivyo vinarekebishika. Duara ulizaliwa nalo.

*Kinyozi wangu akimaliza hunipindua shingo mpaka ilie "ka!" Kuna ubaya?*

Mwambie aache. Ile mishipa miwili ya nyuma hupanda kupitia vitundu vya mifupa ya shingo, na karibu na fuvu hujipinda kabla ya kuingia. Shingo ikizungushwa kwa ghafla, ngozi ya ndani ya mshipa inaweza kuchanika, damu ikaganda hapo, bonge likasafiri hadi ubongoni. Hutokea mara chache, lakini huwapata hata vijana wasio na presha. Ukiona maumivu mapya makali ya shingo, kizunguzungu, kuona vitu viwiliviwili au kushindwa kumeza, nenda hospitali saa hiyohiyo.

*Mwanangu wa miaka 6 ana selimundu. Kiharusi si ugonjwa wa wazee?*

Kwa selimundu, sivyo, mama. Seli nyekundu za damu zilizopinda hukwaruza mishipa mikubwa ya mbele pale inapoingia ubongoni. Ukuta hunenepa, njia hubana, na damu hukimbia kama maji kwenye mpira uliobanwa kwa kidole. Kasi hiyo hupimwa kwa ultrasaundi ya kichwa, isiyo na maumivu, inayoshauriwa kila mwaka kati ya miaka 2 na 16. Ikifika sentimita 200 kwa sekunde, hatari ni kubwa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kuwaongezea damu mara kwa mara watoto wa namna hiyo hupunguza kiharusi cha kwanza kwa zaidi ya asilimia 90. Damu ikiwa shida kupatikana, dawa ya haidroksiyurea husaidia. Kliniki ijayo, kiulizie kipimo hicho wewe mwenyewe.

*Baba alipata kiharusi. Mkono wa kulia umepooza na maneno hayatoki, ila anatembea. Imekuwaje?*

Yaelekea uliozibwa ni tawi la mshipa wa kati wa ubongo, upande wa kushoto, ambao ndio huongoza mkono wa kulia. Mshipa huo hulisha sehemu za ubongo zinazoongoza uso, mkono na, kwa wengi wetu, lugha. Sehemu inayoongoza mguu hulishwa na mshipa mwingine, wa mbele ya ubongo, nao haukuguswa. Mara nyingi mtu wa hivyo huelewa kuliko anavyoweza kusema, basi msimmalizie sentensi. Mpeni muda atafute neno.