Kujenga ukurasa wa usimamizi wa duka la mtandaoni, kutoka Darajani hadi bandari ya Mkoani

Bi mkubwa mmoja mwenye duka la kanga, kanzu na kofia za mkono karibu na soko la Darajani aliniita wakati duka lake la mtandaoni lilipoanza kupata wateja wengi wa Pemba kuliko wa Unguja. Duka hilo limejengwa kwa WooCommerce, programu ya kuendeshea duka inayofanya kazi ndani ya WordPress, mfumo wa kuendeshea tovuti, na kilichokuwa kikimsumbua si kuuza, bali kujua kila siku ni mizigo ipi inayotakiwa kufika bandari ya Malindi ili ipande boti ya Mkoani. Orodha ya oda inayokuja na mfumo ilimwonesha kila kitu kwa mchanganyiko: oda za mjini, oda za Dar es Salaam na oda za Pemba, zote zikiwa mahali pamoja. Alitaka ukurasa wake mwenyewe ndani ya eneo la usimamizi, utakaomwonesha mizigo ya Pemba ya siku moja na kitufe cha kuonesha kuwa mzigo umeshaondoka. Niliuona kuwa ni kazi ya siku mbili. Ukurasa huo umenifundisha kwa zaidi ya mwaka, na ninayoandika hapa ni kwa ajili ya kijana mwengine atakayeombwa kazi kama hii.

Kabla ya kuandika mstari mmoja wa msimbo, nenda ukakae na anayefungasha mizigo, wala usitosheke na maelezo ya mwenye duka. Binti aliyekuwa akifungasha alikuwa na daftari kubwa la kaunta alilolipigia mistari kwa penseli, na daftari lile lilikuwa na jambo ambalo mfumo haukuwa nalo: safu ya mnunuzi na safu ya mpokeaji zilitengwa. Mtu anayefanya kazi Unguja humnunulia mama yake aliyeko Wete, na anayekwenda kuuchukua mzigo Mkoani ni mjomba mwenye gari. Kwa hiyo majina huwa matatu na simu tatu. Oda ambayo haijalipwa aliiandika kwa kalamu nyekundu, na aliyelipa nusu alimwekea alama ya nyota. Nilipouchora ukurasa wangu wa kwanza nyumbani, nilikuwa nimeweka safu kumi na moja, zikiwemo tarehe ya usajili wa mteja na anwani ya barua pepe, ambazo binti yule hakuwahi kuzihitaji hata siku moja. Nilizifuta, nikafuata daftari lake safu kwa safu, hata wekundu nikaubakisha, na tangu hapo hakuhitaji kufundishwa namna ya kuusoma ukurasa.

Mifupa ya moduli yenyewe (plugin), yaani programu ndogo inayoongezwa ndani ya WordPress, si kazi kubwa. Unafungua folda ndani ya wp-content/plugins, unaandika faili moja lenye maelezo ya jina na toleo juu kabisa, kisha unausajili ukurasa kwa add_submenu_page ili ukae chini ya menyu ya WooCommerce, mahali ambapo mwenye duka amekwishazoea kuangalia. Faili za mitindo na hati za kivinjari uzipakie kwenye ukurasa wako peke yake, kwa sababu ukizipakia kila mahali utaziharibu kurasa za wenzako, na lawama zitakurudia.

Uzito wa kazi uko kwenye data, na hapo ndipo nilipokosea mara mbili kwa kosa lile lile.

Nilipoanza, oda za duka zilihifadhiwa katika jedwali la wp_posts, pamoja na makala na kurasa za kawaida za WordPress, na maelezo yake yakiwa katika wp_postmeta. Kwa kuwa nilijua lugha ya hifadhidata, niliandika swali langu, yaani amri ya kuzitafuta oda, moja kwa moja kwenye majedwali hayo, likafanya kazi vizuri na kwa haraka, nami nikaridhika. WooCommerce ilikuwa tayari imetengeneza majedwali maalumu ya oda, na kuanzia toleo la 8.2 la Oktoba 2023 maduka mapya hutumia majedwali hayo tangu siku ya kwanza, ilhali maduka ya zamani huhamishwa kwa hiari ya mwenyewe. Duka letu lilikuwa limeanza kuwa zito, kwa hiyo mimi mwenyewe nikalihamisha jioni moja. Asubuhi yake simu ikaita.

"Mwanangu, jana watu wa Pemba hawakununua hata kitambaa?"

"Wamenunua, Bi mkubwa. Mbona mimi nimeziona oda mbili kabla ya kulala."

"Basi njoo uniangalizie, maana ukurasa wako mweupe."

Oda zilikuwepo, kamili, katika wc_orders, jedwali jipya la oda. Katika wp_posts palibaki kumbukumbu tupu za kuishikilia namba ya oda tu, zenye aina tofauti na ile niliyokuwa nikiitafuta, na kwa hiyo swali langu lilirudi mikono mitupu bila ya kutoa kosa lolote. Hili ndilo jambo baya zaidi katika ukurasa wa usimamizi, kwa sababu ukurasa unaovunjika humfanya mtu apige simu, lakini ukurasa unaoonesha kuwa hakuna kitu humfanya aamini kuwa kweli hakuna kitu. Ingekuwa siku ya mauzo haba, mizigo ile ingelala dukani na hakuna ambaye angeuliza.

Kwa haraka ya kutaka boti isiondoke, nilibadilisha jina la jedwali na majina ya safu katika swali langu, kutoka ya zamani kwenda mapya, na mambo yakarudi. Sikujiuliza kwa nini kuhama kwa jedwali kuliweza kuniangusha. Ukaja mwezi wa Ramadhani. Katika mwezi huo duka hufanya biashara usiku baada ya tarawehe, na binti wa kufungasha hufunga hesabu ya siku saa sita ya usiku, akachapisha orodha, na mizigo ikaondoka asubuhi. Wateja nao hawalali: wanasubiri daku huku wameshika simu, na oda nyingi za nguo za sikukuu huingia kati ya saa sita na saa tisa usiku. Baada ya siku nne tu, mteja mmoja wa Chake Chake akauliza kulikoni, kwani amelipa na hajapata hata ujumbe. Akafuatia wa Konde, kisha wa Micheweni. Oda zao zote ziliingia usiku wa manane.

Jedwali la zamani lilikuwa na safu ya tarehe kwa saa za duka, na mimi niliitumia hiyo. Jedwali jipya lina date_created_gmt, yaani saa za Greenwich, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Oda iliyowekwa saa saba na nusu ya usiku wa kuamkia tarehe 11, kwa jedwali lile ni ya saa nne na nusu usiku wa tarehe 10. Orodha ya tarehe 10 ilikuwa imeshafungwa saa sita, na orodha ya tarehe 11 haikuihesabu kuwa ni yake. Ilipotea katikati ya siku mbili, na hivyo hivyo kwa kila oda ya saa tatu zile, kila usiku. Nilikwenda dukani nikamwambia mwenye duka wazi kuwa kosa ni langu na si la mteja wala la boti, tukazitafuta oda zote kumi na tisa moja moja, akazipeleka bandarini kabla hazijachelewa kwa sikukuu. Nililipia usafiri ule kutoka katika ujira wangu, na ninaona ilikuwa haki.

Baada ya hapo niliyaacha majedwali. WooCommerce ina amri iliyo tayari (function) iitwayo wc_get_orders, unayoiambia unataka oda za hali gani na za tarehe gani, nayo inajua zimehifadhiwa wapi. Ukiipa tarehe kwa mfumo wa mwaka, mwezi na siku, huihesabu siku hiyo kwa majira ya duka, mradi tu katika mipangilio ya WordPress umechagua Dar es Salaam. Angalia jambo moja: usipoiambia idadi, hukurudishia kiasi kile kile cha makala kwa ukurasa kilichowekwa katika WordPress, ambacho kwa kawaida ni kumi. Siku yenye oda kumi na nne utaona kumi, na nne zitakaa kimya. Kwa orodha ya siku moja weka kikomo cha -1 ili zije zote. Kisha, ndani ya moduli, tamka kwa declare_compatibility kuwa unaafikiana na majedwali mapya. Mimi sikuwa nimeandika tamko lolote, na jioni ile niliyohamisha duka sikupata onyo lolote kuhusu moduli yangu.

Kuhama huku kulileta na jambo dogo ambalo lilinichukua siku nzima kulielewa. Ukurasa una kisanduku cha kuandika mahali mzigo unapochukuliwa, na siku moja lebo zikachapishwa zikiwa na Ng\'ambo badala ya Ng'ambo. Alama ile ya mkwaju haikuandikwa na binti. WordPress yenyewe huiongeza mbele ya kila ritifaa (') inayotoka kwenye fomu, na njia ya zamani ya kuhifadhi, update_post_meta, huiondoa kabla ya kuandika. Lakini njia sahihi ya sasa, ya kuichukua oda yenyewe na kuita update_meta_data kisha save, hupokea maandishi kama ulivyoyapa. Dawa yake ni kuyapitisha kwenye wp_unslash kwanza, inayoondoa mkwaju, kisha sanitize_text_field, inayoyasafisha, na wakati wa kuyaonesha kuyapitisha kwenye esc_html, ili kivinjari kisiyasome kama msimbo. Lugha yetu imejaa ng' katika majina ya mitaa na ya watu, kwa hiyo anayejenga kwa ajili ya Waswahili asiyajaribu maandishi yake kwa majina mepesi peke yake.

Kuhusu ruhusa, usimpe anayefungasha akaunti ya msimamizi mkuu kwa sababu tu ni rahisi. Mtengenezee wadhifa wake wenye view_admin_dashboard, ambayo bila hiyo WooCommerce humzuia kuingia eneo la usimamizi, pamoja na ruhusa moja uliyoibuni mwenyewe, uitumie ruhusa hiyo uliyoibuni katika kusajili menyu, na uiulize tena kwa current_user_can pale fomu inapopokelewa. Kuificha menyu hakumzuii mtu aliyeijua anwani ya fomu. Kila fomu iwe na alama ya usalama ya wp_nonce_field, ikaguliwe kwa check_admin_referer, na umweleze mtumiaji mapema kuwa alama hiyo haiishi zaidi ya siku moja; ukurasa ulioachwa wazi tangu jana utakataa, na anachotakiwa kufanya ni kuufungua upya. Kwetu mtandao ukilegea, mtu hubonyeza kitufe mara tatu, na kwa sababu hiyo niliandika kwamba mzigo uliokwisha kutiwa alama ya kuondoka hautumi tena ujumbe kwa mpokeaji. Kabla ya hapo, mama wa Wete aliyepata ujumbe mara tatu aliamini kuwa ametumiwa mizigo mitatu, akampeleka mtu Mkoani na gari la kukodi. Fomu ikishapokelewa, mrudishe mtumiaji kwenye ukurasa kwa wp_safe_redirect, ili akiupakia upya asiitume tena.

Sasa kila ninapoubadilisha ukurasa ule, kabla ya kuupeleka dukani, naujaribu kwenye nakala ya duka iliyoko kwenye kompyuta yangu. Naweka oda kumi na moja za kujaribu, na mahali pa kuchukulia naandika Ng'ambo. Moja naipa saa sita na dakika moja ya usiku, nyengine saa tatu kasoro dakika moja usiku, na nyengine saa tisa kasoro dakika moja alfajiri. Naingia kwa akaunti ya binti, si kwa yangu, naufungua ukurasa, na nazihesabu kwa kidole kwenye kioo. Zikifika kumi na moja, na ritifaa ikawa safi, namwandikia Bi mkubwa kuwa kesho tunaweza kubadilisha.