Magazeti manne yalishafunguliwa tangu Februari 2022

Hapana kaka, unayesema magazeti yaliyofungiwa na serikali ya Tanzania bado yamefungiwa: hayapo kifungoni tena. Mawio, MwanaHALISI, Mseto na Tanzania Daima yote yalirudishiwa leseni Februari 2022, Nape Nnauye akiwa Waziri wa Habari. Mseto ndiyo kesi ya kuangalia kwa makini: lilifungiwa miaka mitatu 2016, na Juni 2018 Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha ikaamua kufungiwa kwake hakukuwa halali. Hilo mnalisahau.

Nauza magazeti hapa Mwanga, Kigoma, kwa hiyo haya mambo nayafuata, maana gazeti likifungiwa mimi nakosa hela.

Ila kurudishiwa leseni si sawa na kurudi mitamboni. Wateja wanaoniuliza MwanaHALISI huwa nawaambia wakatafute mtandaoni. Karatasi na uchapaji ni ghali, matangazo yamehamia kwenye simu, na huku kwetu gazeti la Dar linafika habari zake zimeshasomwa WhatsApp. Na sheria inayosimamia magazeti bado ni ile ya Huduma za Vyombo vya Habari ya 2016, ingawa 2023 Bunge liliirekebisha baadhi ya vifungu.