Kurudufu, kunukuu, kutafsiri: DNA inafanya lipi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafundisha baiolojia na ninaandaa maelezo kwa Kiswahili. Nimeandika hivi: "DNA hunakiliwa kabla ya seli kugawanyika. DNA hunakiliwa pia kuwa RNA, kisha RNA hutafsiriwa kuwa protini, na hapo kinasaba hujieleza." Mwenzangu anasema hayo "hunakiliwa" mawili yatawachanganya wanafunzi. Mimi naona nakala ni nakala. Nani yuko sahihi? Na je, kinasaba na DNA ni kitu kimoja?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Mwenzako yuko sahihi, na nitakueleza kwa nini nalishikilia jambo hili. Niliwahi kuhariri muswada wa baiolojia ambao mwandishi wake alitumia "kunakili" kwa kazi zote mbili. Nilifika ukurasa wa nne nikiamini kwamba kila RNA inapotengenezwa, seli inakuwa karibu kugawanyika. Hakukuwa na kosa la sayansi hata moja katika muswada ule. Kitenzi kimoja ndicho kilichonipoteza, nami ni mtu mzima niliyekuwa nikisoma kwa makini.

Tuanze na neno lenyewe. Nakala haisimami peke yake. Lazima iwe na asili yake. Cheti kina asili na kina nakala, nawe waweza kuviweka mezani ukaonyesha kwa kidole: hiki ndicho, na hiki kimetokana nacho. Sasa tazama yanayotokea seli inapojiandaa kugawanyika. DNA, kemikali inayobeba maelekezo ya urithi ndani ya seli, ni nyuzi mbili zilizosokotana, na kila uzi umepangwa kwa besi nne: adenini, thimini, guanini na sitosini, ambazo tunaziandika A, T, G na C. A hukabiliana na T, na G hukabiliana na C. Uzi mmoja ukisomeka ATGGCA, wa pili mbele yake unasomeka TACCGT. Ukiwa na mmoja, wa pili unaujua hata kabla hujauona. Nyuzi zinapoachana, kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kikemikali ndani ya seli) kiitwacho polimerasi hupita juu ya kila uzi na kuujengea mwenzake mpya. Mwishoni panakuwa na DNA mbili, na kila moja ina uzi mmoja wa zamani na uzi mmoja mpya.

Ipi asili na ipi nakala? Hakuna. Kila moja ni nusu kuukuu na nusu mpya. Jambo hili lilithibitishwa mwaka 1958 na Matthew Meselson na Franklin Stahl. Walikuza bakteria katika chakula chenye nitrojeni nzito hadi DNA yao yote ikawa nzito, kisha wakawahamishia kwenye nitrojeni ya kawaida. Baada ya kizazi kimoja hawakupata DNA nzito upande mmoja na nyepesi upande mwingine, kama ambavyo ingekuwa lau asili ingebaki kando na nakala ikazaliwa kando. Walipata DNA ya uzito mmoja tu, wa katikati.

Ndiyo maana hapa nataka kurudufu. Ni ndugu wa "maradufu": kitu kilikuwa kimoja, sasa ni viwili. Najua utaniambia kwamba mashine ya kurudufu nayo hutoa nakala. Ni kweli, lakini shina la neno linabeba ule uwili, wala halikulazimishi kumtafuta mzazi na mtoto. DNA hurudufiwa yote, tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa binadamu hizo ni jozi za herufi zipatazo bilioni 6 katika seli moja, uzi ambao ukinyooshwa unafika kama mita 2. Marekebisho yakishafanyika, makosa yanayobaki ni takriban moja kwa kila herufi bilioni moja. Hakuna mwandishi wa mkono aliyewahi kukaribia usahihi huo.

Kazi ya pili ni tofauti kabisa, na hapa ndipo napendekeza kunukuu. Anayenukuu hachukui kitabu kizima. Hufungua mahali anapopahitaji, huchukua maneno anayoyataka, huyapeleka kwenye karatasi yake, na kitabu hubaki rafuni kama kilivyokuwa. Seli nayo hufanya hivyohivyo. Nyuzi za DNA hufunguka kipande kidogo tu, penye jeni inayohitajika, yaani kile ulichokiita kinasaba. Uzi mmoja hutumika kama kiolezo, RNA, kemikali ya jamii moja na DNA, hujengwa juu yake, kisha DNA hujifunga tena. Penye TAC katika kiolezo, RNA hupata AUG, kwa sababu RNA hutumia urasili, yaani U, mahali ambapo DNA ingetumia T. Lugha haijabadilika, herufi moja tu ndiyo imeandikwa kwa namna nyingine. Wanaisimu wanaposikiliza usemi na kuuandika kwa alama za kifonetiki, kazi hiyo tunaiita unukuzi. Basi neno tunalo, limekwisha kuzoeleka, na maana yake inakaa pale pale.

Kuna jambo lililogunduliwa mwaka 1977 linalonifanya nilipende neno hili zaidi. Katika viumbe kama sisi, RNA ikishanukuliwa hukatwa: vipande visivyohitajika huondolewa na vinavyobaki huunganishwa kabla RNA haijatoka kwenye kiini cha seli. Richard Roberts na Phillip Sharp walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1993 kwa ugunduzi huo. Kila aliyewahi kunukuu fungu refu akaweka nukta tatu katikati anaielewa kazi hiyo bila kuelezwa mara mbili.

Kutafsiri umelitumia vizuri, na usiruhusu mtu akubadilishie. Hapa lugha inabadilika kwelikweli. Upande mmoja kuna herufi nne, upande wa pili kuna asidi amino 20, yaani vijenzi vya protini, na kati yao hakuna ufanano wowote wa umbo. Ribosomu, yaani kiwanda cha protini ndani ya seli, husoma RNA kwa mafungu ya herufi tatu tatu. Mafungu hayo ni 64: 61 huita asidi amino, na matatu, UAA, UAG na UGA, husimamisha kazi. Hata mkalimani yupo: ni RNA fupi ambayo upande mmoja hulitambua fungu lake la herufi tatu, na upande wa pili imebeba asidi amino inayohusika. Fungu la kwanza kabisa kujulikana maana yake lilifumbuliwa mwaka 1961. Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei walitumia RNA yenye U tupu, wakapata mnyororo wa fenilalanini tupu. Kwa hiyo UUU ni fenilalanini. Ndivyo kamusi hiyo ilivyoanza kuandikwa.

Ukitaka wanafunzi waone kwa nini kusoma tatu tatu ni jambo zito, waandikie ubaoni sentensi hii bila nafasi:

MTUANANIA

Wakigawa tatu tatu watapata "mtu ana nia". Badilisha herufi moja, ile I iwe T, upate "mtu ana nta". Sentensi bado inasomeka, ila maana imekwenda kwingine. Sasa rudisha I, kisha futa M ya kwanza na uwaambie wagawe tena: TUA NAN IA. Herufi moja imeondoka mwanzoni na kila kilichofuata kimeharibika. Badiliko la aina ya kwanza ndilo linaloleta ugonjwa wa selimundu. Katika jeni ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu, fungu GAG huwa GTG, na mahali palipostahili asidi ya glutamiki huwekwa valini. Herufi moja, na umbo la chembe nyekundu za damu linapinda.

Kuhusu "kinasaba hujieleza", hapo sikubaliani nawe. Kujieleza ni kazi ya mwenye kinywa: mshtakiwa hujieleza, mwanafunzi aliyechelewa hujieleza. Nadhani neno hili limeingia kwa sababu mtu fulani alilitafuta neno la Kiingereza "express" katika kamusi ya lugha mbili akachukua maana ya kwanza aliyoikuta. Sema jeni imedhihirika. Kudhihirika ni kutoka kwenye hali ya kuwapo bila kuonekana hadi kuonekana, na ndicho hasa kinachotokea. Jeni ya himoglobini imo katika seli za ngozi yako, imo katika seli za jicho, lakini huko imenyamaza. Hudhihirika katika uboho wa mifupa, penye seli changa zinazokuja kuwa chembe nyekundu za damu. Seli ya jicho na ya uboho zina DNA ileile. Zinatofautiana kwa jeni zinazodhihirika ndani yake. Na jeni ikidhihirika ni kwamba imenukuliwa, na mara nyingi ikatafsiriwa pia.

Sentensi zako, basi, ningeziandika hivi: "DNA hurudufiwa kabla ya seli kugawanyika. Jeni inapohitajika, hunukuliwa kuwa RNA, na RNA hutafsiriwa kuwa protini. Hapo jeni huwa imedhihirika." Utaona nimebadilisha na kiima. Kinachorudufiwa ni DNA yote, kinachonukuliwa ni jeni.

Hilo linatupeleka kwenye swali lako la mwisho. Kinasaba na DNA si kitu kimoja. Kinasaba kimeundwa kutokana na "nasaba", yaani ukoo, mfuatano wa vizazi, na maana yake inalingana na jeni: kipande chenye maelekezo yanayorithiwa. DNA ni ile kemikali ambayo kipande hicho kimeandikwa kwayo. Historia inatusaidia kuvitenganisha. Friedrich Miescher aliipata kemikali hiyo mwaka 1869 bila kujua kwamba inahusika na urithi. Wilhelm Johannsen alilitunga neno jeni mwaka 1909 bila kujua kwamba jeni imetengenezwa kwa nini. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1944, Oswald Avery na wenzake walipoonyesha kwamba kinachopitisha sifa za urithi katika bakteria ni DNA. Kwa miaka mingi watu walivizungumzia vitu hivyo viwili pasipo kujua kwamba vinahusiana. Maneno yenye historia ya namna hiyo hayawezi kuwa visawe.

Tena si DNA yote iliyo kinasaba. Sehemu inayobeba maelekezo ya protini katika DNA ya binadamu ni kama asilimia 1 hadi 2 tu. Ndiyo sababu husita ninaposoma "kipimo cha vinasaba" katika habari za kumtambua mzazi wa mtoto. Kipimo hicho kwa kawaida hutazama mahali ambapo herufi chache hujirudia, tuseme GATA GATA GATA, na kuhesabu zimejirudia mara ngapi. Mtoto hupata hesabu moja kwa mama na nyingine kwa baba. Sehemu hizo kwa sehemu kubwa haziamuru protini yoyote. Wanaopima wanatafuta nasaba, ila wanaitafuta mahali ambapo mara nyingi hapana maelekezo ya protini hata moja. Mimi huandika "kipimo cha DNA", nawe ukiwafundisha hivyo wanafunzi wako, hutakuwa na la kuwasahihisha watakapofika kwenye somo la jeni.